Farasi Waliopotelea Kwenye Rimu

Kompyuta ilipoandika themanini na moja, Wabwile alipiga makofi. Mkewe, Edinah Nakhumicha, ambaye ndiye aliyekuwa ndani ya gari akikanyaga mafuta, alizima injini akabaki ameshika usukani.

“Si nilikuambia usichonge hiyo silinda hedi tena?” alisema kupitia dirishani.

“Edinah, si ufurahi? Kastarlet kadogo hivi kutoa farasi themanini na moja ni mchezo?”

“Tumetupwa kundi kubwa, Wabwile. Nifurahie nini?”

Walikuwa kwenye gereji ya Harnam Singh mjini Kitale, siku ya kupima magari kabla ya mashindano ya kupanda mlima. Mwaka ulikuwa elfu mbili na tano. Chama cha madereva kilichoandaa mashindano hayo kilikuwa kidogo, cha watu wa Kitale, Bungoma na vituo vya katikati, na kila mwaka kiliazima barabara ya murram, changarawe nyekundu isiyo na lami, iliyopanda kilima ndani ya shamba moja la mahindi karibu na mji mdogo wa Kwanza. Sheria yake ilikuwa fupi. Gari lisilozidi nguvu za farasi themanini liliingia kundi dogo. Lililozidi, hata kwa farasi mmoja, lilikwenda kundi kubwa kushindana na Subaru na magari mengine ya kuogofya.

Harnam alikuwa mwenyekiti wa chama, na pia mwenye mashine ya kupimia. Mashine yenyewe ilikuwa rola mbili nzito za chuma zilizochimbiwa sakafuni. Gari lilifungwa kwa mikanda lisiruke, magurudumu yake ya mbele yakakalia rola, kisha dereva akaweka gia ya tatu na kukanyaga mafuta mpaka mwisho. Magurudumu yalizungusha rola, na kompyuta ikakadiria nguvu kwa kuangalia rola zimeongeza kasi upesi kiasi gani. Hakukuwa na mashine nyingine kama hiyo sehemu zile, na Harnam aliifuta vumbi kila asubuhi kwa mkono wake mwenyewe.

“Mwalimu, pole,” alimwambia Edinah huku akifunga waya na kubana kipande cha risasi juu ya injini yake, alama kwamba imeshapimwa na isifunguliwe. Alimwita mwalimu kwa sababu Edinah alifundisha udereva Bungoma, na nusu ya watu waliokuwa wakiendesha pale mjini walikuwa wamepitia mikononi mwake. “Mashine haina rafiki. Themanini na moja ni themanini na moja.”

Edinah hakubisha. Alilisogeza gari kando, akasimama kutazama wengine. Baada yake aliingia Kagwe, mwenye duka la dawa za mifugo pale Kitale, naye akiwa na Starlet. Lilikuwa la mwaka mmoja na la Edinah, injini aina moja, tena silinda hedi yake, kile kifuniko cha juu cha injini, ilikuwa imechongwa kuongeza nguvu na fundi aliyesomea kazi pamoja na Wabwile. Wiki iliyotangulia walikuwa wamefanya mazoezi pamoja kule Kwanza, na Edinah alikuwa amelifuata gari hilo kutoka chini ya kilima hadi juu bila kulipata wala kuachwa. Siku hii ya kupimwa Kagwe alikuwa amelivalisha rimu kubwa za kung'aa, pana, zenye tairi nyembamba kama mkanda, na mtu angeweza kujitazama sura ndani yake.

Kagwe alikanyaga. Rola zikanguruma. Kompyuta ikaandika sabini na sita.

“Kundi dogo,” Harnam akasema.

Edinah alisogea mbele. “Sabini na sita vipi? Hiyo gari inavuta kama yangu.”

“Labda wewe ndiye unavuta kama yeye,” mtu mmoja nyuma akasema, na watu wakacheka.

Wabwile pia alicheka. Njiani kurudi Bungoma alisema ni jambo la kujivunia kwamba injini yake imeishinda ya mwenzake kwa farasi watano. Edinah ndiye aliyekuwa akiendesha. Walipopita Webuye alisema mara moja tu, “Ati farasi watano. Ningewaona kwenye kilima hao farasi.”

Siku ya mashindano jua liliwaka tangu asubuhi, na vumbi la Kwanza likawa jekundu kwenye nguo za kila mtu. Edinah alikuwa akikaza nati za magurudumu alipoiona Starlet ya Kagwe ikishuka kutoka kwenye trela iliyovutwa na pikapu. Zile rimu za kung'aa hazikuwepo. Mahali pake palikuwa na rimu ndogo nyeusi za chuma, za kiwandani, na tairi za inchi kumi na tatu zenye meno ya kushika murram. Zilikuwa sawasawa na za Edinah.

Alisimama na spana mkononi. Hakujua bado ni nini hasa kilichomkasirisha, ila alijua kwamba gari lililopimwa Kitale halikuwa hili.

Alimfuata Harnam, ambaye alikuwa chini ya mwavuli akigawa vibandiko vya nambari.

“Bwana Harnam, Kagwe amebadilisha magurudumu.”

“Naona.”

“Ulimpima na yale makubwa. Leo anakimbia na madogo. Si ni lazima apimwe tena?”

Harnam alivua miwani. “Mwalimu, nilipima injini. Waya wangu uko pale pale, nimeuangalia, haujakatwa. Gurudumu haliongezi injini farasi.”

“Basi mbona mimi na yeye tunapanda sawa na mashine inasema hatuko sawa?”

“Kwa sababu macho si mashine.” Alirudisha miwani. “Tafadhali, bana, watu wanangoja nambari. Ukitaka kulalamika, lalamika baada.”

Wabwile alimvuta mkono. “Twende. Utatuaibisha kwa mambo ya rimu.”

Maneno hayo ndiyo yaliyomuuma kuliko ya Harnam. Aliuvuta mkono wake, akavaa helmeti.

Alipanda vizuri siku hiyo. Hata waliokuwa wamemcheka Kitale walikiri hivyo. Kona ya tatu, pale mchanga ulipolegea, aliingia gari likiwa limelala upande na akatoka bila kupoteza kasi. Lakini kundi kubwa lilikuwa kundi kubwa. Subaru zilipanda kwa zamu zao zikirusha mawe, na alipotazama matokeo yaliyobandikwa kwenye mlango wa ghala, jina lake lilikuwa la pili kutoka chini. Alipeleka macho kwenye kundi dogo. Kagwe alikuwa wa kwanza. Wa pili alikuwa Chesang, daktari wa mifugo kijana kutoka Kiminini, aliyeendesha Charade kuukuu. Edinah aliangalia muda wa Kagwe, akaangalia wake. Alikuwa amempita Kagwe kwa sekunde moja isiyokamilika. Sekunde hiyo haikuwa na kombe.

Baada ya picha na makofi alimngoja Kagwe kando ya pikapu yake. Kagwe alikuja amebeba kombe kifuani, anatabasamu.

“Mwalimu! Leo ulipaa kwenye ile kona.”

“Kagwe, nikuulize na usinifiche. Kwa nini ulienda kupimwa na zile rimu kubwa?”

Kagwe alishangaa. “Zile? Zile ni za harusi.”

“Harusi gani?”

“Ya dada yangu, si ilikuwa siku ile ile? Nilikuwa nimebeba maharusi asubuhi. Rimu niliazima kwa binamu yangu ili gari ing'are. Nikatoka kanisani nikaja moja kwa moja kwa Harnam, nikarudi kwa sherehe. Hapa ningezivunja kwa mawe, ndiyo nikarudisha za kawaida.” Alimtazama usoni. “Kwani kuna shida?”

Edinah alikuwa amejiandaa kwa mwizi. Alikuwa na maneno ya mwizi tayari mdomoni. Sasa hakuwa na mahali pa kuyaweka.

“Ilienda vipi na rimu hizo?” akauliza.

“Aa, ilikuwa nzito! Tulipoondoka kanisani nilifikiri ni kwa sababu ya gauni la bibi harusi na shangazi wawili nyuma. Lakini hata nikiwa peke yangu kuja gereji ilikuwa inajikokota.”

“Sikia, Kagwe. Binamu yako anaweza kuniazima hizo rimu?”

Kagwe hakuelewa, lakini alikubali. Siku iliyofuata mashindano Edinah alizichukua. Alipoinua ya kwanza kuiingiza nyuma ya gari mgongo ulimlia. Aliishusha, akainua gurudumu lake la akiba kwa mkono mmoja, akapima, akashusha. Kisha akaizungusha ile kubwa juu ya udongo kwa viganja viwili. Ilikataa kuanza kuzunguka, na ilipoanza ikakataa kusimama. Uzito wake wote ulikuwa pembeni, kwenye ukingo na kwenye tairi. Alibaki amechuchumaa pale akiitazama, na polepole hasira yake ikapata umbo.

Wabwile hakutaka kwenda naye Kitale. Alisema mashindano yameisha, watu waishi. “Ukionyesha kwamba Kagwe alikuwa na nguvu kama yako, utapata nini? Atakuja kundi kubwa mshindwe pamoja.”

“Nitapata kujua kama mimi ni mwongo.”

“Nani alisema wewe ni mwongo?”

“Ulicheka, Wabwile. Ulicheka pamoja nao.”

Aliingia garini peke yake. Kabla hajafika langoni, Wabwile alikuwa ameshafungua mlango wa abiria na kuketi, bado na ovaroli ya kazi.

Harnam aliwapokea kwa uso wa mtu aliyekatizwa chakula. Kagwe, aliyeitwa na Edinah, alikuwa amefika pia, na gari lake. Edinah alieleza alichotaka: gari lake lipimwe kwanza na magurudumu yake madogo, kisha yale ya mbele yabadilishwe, yawekwe ya harusi, lipimwe tena. Mafuta yale yale, injini ile ile, waya wa Harnam ukiwa pale pale.

“Utaniharibia mchana,” Harnam alisema. Lakini alikuwa mtu aliyeipenda mashine yake, na kuona mtu mwingine akiitaka kiasi hicho kulimlegeza. Akafungua mlango wa gereji.

Kwa magurudumu madogo kompyuta iliandika themanini na moja. Wabwile akafungua nati, akaweka yale ya kung'aa, Harnam akahakikisha upepo uko sawa na mikanda haijakaza kupita kiasi. Edinah akakanyaga. Aliisikia tofauti kabla ya kompyuta kusema lolote. Injini ililia sauti ile ile, lakini ilichelewa kupanda, kama mtu anayepanda ngazi na gunia begani.

Kompyuta ikaandika sabini na tano.

Harnam alibonyeza vitufe, akafuta, akasema, “Tena.” Edinah akakanyaga tena. Sabini na tano na nusu.

“Farasi wangu wameenda wapi, Bwana Harnam?” aliuliza kutoka ndani ya gari.

Harnam alikaa juu ya debe. “Hawajaenda popote. Wako kwenye rimu.” Alipangusa jasho. “Injini inazungusha gurudumu kwanza, halafu gurudumu linazungusha rola. Likiwa zito, tena zito pembeni, injini inatumia nguvu nyingi kuliamsha lenyewe. Kinachobaki ndicho kinafika kwa rola. Na mashine haioni injini. Inaona kilichofika.”

“Kumbe ulijua?”

“Nilijua vile mtu anajua kitu ambacho hajawahi kukihitaji.” Alisema hivyo akiangalia sakafu. “Sikufikiri ni farasi sita.”

Kagwe, ambaye alikuwa amesimama mlangoni, alisema, “Pima yangu.”

“Ya nini sasa?” Harnam akauliza.

“Pima, mzee. Iko na magurudumu ya kilima.”

Ilipimwa. Ikaandika themanini na mbili.

Wabwile aliangalia ile namba, akaiangalia tena, kisha akageukia injini aliyokuwa ameisifu. Kagwe aliweka mikono kichwani. “Kwa hivyo nilikuwa kundi lisilo langu.”

“Ndiyo,” Edinah akasema. “Na mimi nilikuwa langu. Sikuonewa.” Ilimtoka kwa uchungu, kwa sababu ilikuwa kweli na haikumpunguzia kitu. “Aliyeonewa ni Chesang. Yeye ndiye alishinda kundi dogo. Bwana Harnam, utarekebisha?”

Harnam alisimama akaanza kukusanya mikanda. Alisema matokeo yalishatangazwa na kupigiwa makofi. Alisema sheria haikutaja magurudumu, kwa hiyo Kagwe hakuvunja sheria, na mtu hawezi kunyang'anywa kombe kwa sheria ambayo haipo. Mwaka ujao, alisema, ataandika kwamba kila gari lipimwe na magurudumu litakayotumia mashindanoni.

“Na mwaka huu?”

“Mwaka huu umeisha, mwalimu.”

“Umeona kwa macho yako. Kwa mashine yako! Wewe ndiye ulisema haina rafiki.”

“Nimeona,” Harnam alisema, na uso wake ulikuwa umekunjamana. “Nikifungua matokeo haya, kila mtu atakuja na ya mwaka juzi. Utanisaidia kuyajibu?” Kisha akaongeza, kwa sauti ya kutaka yaishe, “Wewe ukitaka kundi dogo, weka rimu kubwa siku ya kupima mwakani, kabla sijaandika hiyo sheria. Sitasema.”

Edinah alikuwa ameendesha gari kutoka Bungoma kutafuta kipimo cha haki, na sasa mwenye kipimo alikuwa akimfundisha njia ya kukidanganya, tena kwa moyo mwema. Alifungua mlango akatoka nje bila kuaga.

Kagwe ndiye aliyesema watapita Kiminini. Alilitoa kombe dukani kwake, akalitia kwenye mfuko, akawafuata na gari lake. Walimkuta Chesang amevaa gambuti, akinawa mikono kwenye bomba nyuma ya kibanda chake cha matibabu. Alikuwa ametoka kumzalisha ng'ombe. Kagwe alimweleza yote, harusi, rimu, rola, bila kujitetea, kisha akamnyooshea mfuko.

Chesang alichungulia ndani. Alikausha mikono yake kwenye taulo polepole.

“Harnam amesema nini?”

“Amesema matokeo yanabaki.”

“Basi hii si yangu.”

“Ni yako, bana. Mimi nakupa.”

“Wewe unanipa. Chama hakijanipa.” Hakupandisha sauti. “Nikiweka hii kwa ukuta, mtu akiniuliza nilishinda lini, nitasema niliwekewa kwa mfuko nyuma ya kliniki? Jina langu liko namba mbili pale Kwanza. Likitoka pale, nitakuja kuichukua mwenyewe.”

Edinah alijaribu. Alimwambia kila mtu aliyekuwepo gereji anajua ukweli.

“Mama, mko watu wanne,” Chesang alijibu. “Nashukuru mmekuja. Kweli nashukuru. Lakini rudini nayo.”

Wakarudi nalo. Kando ya barabara Kagwe aliuliza alipeleke wapi. Mwishowe aliliweka kwenye kiti cha nyuma akaondoka kuelekea Kitale.

Mvua ilianza walipoikaribia Webuye. Wabwile ndiye aliyekuwa akiendesha sasa. Alisema, bila kugeuza uso, “Sikupaswa kucheka siku ile.”

“Hapana,” Edinah akajibu. “Hukupaswa.”

Baada ya hapo alimwandikia Harnam, akampigia simu, akaenda mwenyewe tena. Harnam hakuwahi kumfukuza. Alimpa chai, akasikiliza, akasema anaelewa, na matokeo yakabaki yalivyokuwa. Kagwe aliacha kuja kwenye mikutano ya chama. Kombe, kwa kadiri Edinah alivyosikia, lilikuwa kwenye stoo ya duka, nyuma ya magunia ya chumvi ya ng'ombe.

Sheria mpya iliandikwa kweli. Mwaka uliofuata, siku ya kupima, foleni ya magari ilitoka gereji ya Harnam ikazunguka mpaka barabara ya nyuma, kwa sababu kila mtu ilimbidi aje na magurudumu yake ya mashindano, ayafunge palepale, apimwe, ayafungue tena ili aweze kurudi nyumbani kwa lami. Watu walikuwa wamechafuka mikono hadi viwiko. Jeki zilikuwa chache. Mwanamume mmoja wa Eldoret, mgeni kwenye chama, alikuwa akipambana na nati iliyokataa kufunguka kando ya gari la Edinah.

“Huu upuzi waliutoa wapi?” alimuuliza, akipiga spana kwa kiatu. “Nasikia kuna mama wa Bungoma alishindwa, akaleta kelele ya rimu, ndiyo sisi wote tunateseka hapa. Unamjua?”

Edinah alichukua bomba refu la chuma kutoka garini mwake, akalivisha kwenye mkia wa spana ya yule mgeni, akakanyaga kwa mguu mmoja. Nati ikalegea.

“Ndiye mimi,” akasema, akamrudishia spana.